Mwalimu wa Mikumi

Kilosa,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Marselina,

Kila anayetoka Mikumi namuuliza habari zako, na wote wananiambia wewe na Loveth ni wazima na kwamba madereva wa malori hawapiti bila kula kwako. Hilo linanitosha kuanza nalo. Huku nasi tupo. Mume wangu Deogratias anasumbuliwa na mgongo, lakini shamba la Masanze amelima, na mahindi yameota sawasawa. Mimi bado niko zahanati, zamu ya asubuhi tu, kwa sababu tangu Juni nimehamia nyumbani kwa baba.

Hapo ndipo barua yangu ilipo. Baba anasahau. Asubuhi jina langu analo, mchana limeshapotea, jioni ananiita dada mhudumu na kuniuliza kama treni imeshatoka Gulwe. Macho nayo yamefifia. Daktari amesema ugonjwa huu haurudi nyuma.

Lakini kile kitabu hajakisahau. Juzi alinisimulia kama vile mimi ni mgeni: jinsi alivyokiokota kwenye behewa zamani akiwa karani wa stesheni, hakina jalada, kurasa za mwanzo hazipo, hata mwandishi hajulikani, na jinsi binti zake walivyokipa jina wenyewe, Nchi ya Taa Zilizozama. Alisema "binti zangu", si "binti yangu". Tangu siku hiyo kila jioni ananiambia, "Nisomee pale kwenye ziwa." Mimi sina cha kumsomea. Unajua sikuwa mtu wa hadithi. Wewe na baba ndio mliokuwa mnakaa na kile kitabu mpaka taa inaishiwa mafuta.

Uliondoka nacho. Sikuandikii kukulaumu. Najua kwenye arobaini ya mama tuliachana vibaya, na miaka sita imepita. Naomba ukilete au ukitume, hata kwa mwezi mmoja. Akishakisikia nitakurudishia.

Barua hii nampa Evarist, konda wa basi la Mikumi. Na wewe mpe yeye.

Dada yako,
Bibiana


Mikumi,
2 Machi 2025

Dada Bibiana,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia siku ile ile, usimlaumu Evarist. Mimi ndiye niliyeiweka juu ya kabati wiki tatu.

Mpe shemeji pole ya mgongo. Sisi hatujambo. Loveth mwaka huu anamaliza kidato cha nne, amenipita urefu. Juzi nyani waliingia jikoni wakabeba ugali wa watu kumi na mwiko juu yake. Mvua zimeanza.

Kitabu sikitumi. Naomba usiniulize sababu. Na simu usinipigie, kwa sababu tukisikiana sauti tutagombana, na mimi sina nguvu ya kugombana mwaka huu. Lakini pale kwenye ziwa nitakuandikia. Msomee polepole. Yeye alikuwa akifika hapa anasimama, anasema fumbeni macho, semeni mnaona nini. Msichana mbeba taa na wenzake wametembea siku nyingi, wamefika juu ya kilima:

"Ziwa lilikuwa limelala chini yao, jeusi na zito, kama uji wa ulezi unaokaribia kuiva. Hapakuwa na upepo. Jua lilipozama, taa zikaanza kuwaka chini ya maji, moja moja, kana kwamba mtu anapita nyumba hadi nyumba na kijinga cha moto. Dirisha moja likawa la njano. Jingine likawa jekundu kama jicho la aliyelia. Samaki wakapita mbele ya madirisha, na vivuli vyao vikapanda kilima, vikatembea juu ya nyuso za wasafiri, na kila aliyepitiwa na kivuli akahisi baridi shavuni."

Hiyo baridi shavuni usiikimbie. Nilipokuwa na miaka minane nilijishika shavu, baba akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuangalia.

Nijibu swali moja. Anajua ni nani anayemwandikia?

Mdogo wako,
Marselina


Kilosa,
16 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Loveth hongera, na mwambie mama yake mkubwa anamwombea mtihani. Huku Mkondoa umejaa lakini haujatoka kwenye kingo zake. Jirani yetu Mwanvua, yule mwenye cherehani, anakuja kukaa na baba ninapokuwa kazini. Ni mtu mwema, anamwimbia.

Nilimsomea Jumapili baada ya chai. Nilisoma haraka kama ninavyosoma majina ya wagonjwa, akanishika mkono. "Rudi," akasema. Nikarudi. Nilipofika kwenye uji wa ulezi akafumba macho, na midomo yake ikaanza kwenda pamoja na yangu. Alikuwa anajua kila neno, Marselina. Mtu ambaye asubuhi ile alivaa shati juu ya koti.

Nilipomaliza akaniambia, "Umeona? Mwingine angesema ziwa lilipendeza, basi. Huyu hakusema hivyo. Amekupa sufuria, amekupa uji, umeona mwenyewe uzito wa maji." Halafu akasema, "Na kivuli cha samaki. Kivuli huwa kinaanguka chini. Huyu amekipandisha juu, kwa sababu mwanga unatoka chini. Alifikiri, mtu huyu. Alisimama pale kilimani kabla yetu."

Maneno hayo niliyasikia utoto wangu wote nikiwa nawaza vyombo ambavyo sijaosha. Safari hii nami nilifumba macho, na kwa mara ya kwanza niliyaona yale madirisha. Nikahisi kitu shavuni. Nina miaka arobaini na minne.

Usiku ule alilala bila kuita. Asubuhi alikula yai zima.

Anataka soko la upepo. Kama unaweza, andika refu zaidi.

Dada yako,
Bibiana


Mikumi,
6 Aprili 2025

Dada Bibiana,

Shikamoo, na shikamoo ya Loveth pia. Anauliza kama Kilosa kuna joto kuliko hapa. Nimemwambia joto la Kilosa linakaa chini, kama mbwa, linakufuata miguuni.

Mvua imechelewesha malori, biashara imelegea, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na wali ukaungua. Kwamba alikumbuka samaki. Mimi pia sehemu hiyo ndiyo niliyokuwa naipenda, ila sikujua kwa nini. Sasa najua.

Hili hapa soko:

"Upepo wa alfajiri uliuzwa kwenye vibuyu vidogo, kwa maana ni mwembamba na haujazi. Upepo wa mvua ulifungwa kwenye magunia ya ngozi, na magunia yalikuwa yanatoa jasho. Wauzaji walikuwa wamefunga mawe viunoni, na mbuzi wao wamefungwa mawe shingoni, wasipeperuke. Watoto walizunguka wakiuza vipande vya upepo uliokatika, wa kupuliza moto jikoni. Mwisho kabisa wa soko alikaa mama mzee, mbele yake kapu lisilo na kitu. Msichana akamuuliza, hapa unauza nini? Akajibu: ule upepo unaofunga mlango nyuma ya mtu anayeondoka. Hakuna anayeununua, lakini hakuna nyumba isiyokuwa nao."

Nimeandika refu kama ulivyosema.

Hukunijibu swali langu. Anajua ni mimi?

Marselina


Kilosa,
11 Mei 2025

Marselina,

Marahaba kwenu wote wawili. Utaona tarehe. Mto Miyombo ulijaa, mabasi hayakupita kwa wiki tatu, na barua yako ilikaa stendi mpaka ikashika ukungu. Mahindi ya Masanze nusu yamelala majini. Deogratias anakwenda anayaangalia anarudi.

Soko nimemsomea mara nyingi mpaka karatasi inaachana. Mara ya kwanza alinisimamisha kwenye mbuzi. "Hapakuwa na mbuzi," akasema. Nikaendelea. Kwenye yule mama mzee akainua kichwa. "Wala huyu hakuwepo." Nikamwambia labda amesahau, baba. Akakasirika. Halafu akataka nirudie kuhusu mlango, nikarudia, akasema, "Mwache. Anaona."

Sasa nataka nikuambie mambo mengine, kwa sababu nimechoka kukuandikia mazuri tu. Juzi alinipiga na fimbo akidhani mimi ni mwizi wa mataruma yanayolaliwa na reli. Nina alama begani. Anajikojolea. Nafua mashuka kabla ya kazi na baada ya kazi, na kwa mvua hii hayakauki. Wewe uko huko unachagua mistari ya kutuma, mmoja kwa mwezi, kama mtu anayempa kuku punje, na unaongeza mbuzi wako. Kitabu ni cha baba. Mzee anakufa, Marselina. Sitaki kulizungusha.

Deogratias atapita Mikumi Jumamosi ya tarehe 24 kufuata dawa ya mgongo. Mpe kitabu. Hata kama kimeharibika, hata kama umekipaka mafuta ya kupikia. Mpe.

Bibiana


Mikumi,
25 Mei 2025

Dada Bibiana,

Shikamoo. Shemeji alifika jana, amekula, tumeongea habari za mgongo na mahindi. Hakuondoka na kitabu, na kwa uso wake najua ulimwambia asirudi bila hicho. Kwa hiyo nitakuambia, na ukishajua usije ukasema ulilazimishwa kujua.

Kitabu sikukichukua.

Mwaka ule, 2007, wewe ulikuwa Morogoro chuoni. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne, na mama ndiye aliyemwambia baba. Ilikuwa jioni, mkaa wa chai umeshika. Baba hakunipiga. Aliingia ndani akatoka na kitabu, akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko, akasema, "Hiki ndicho kilichokuharibu. Nimekujaza kichwa nchi zisizokuwepo." Akaanza kuchana. Ukurasa mmoja, anaweka motoni. Mwingine, anaweka.

Alikuwa hachani haraka. Kila ukurasa aliuangalia kwanza. Nadhani alikuwa anausoma. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kwa sababu niliona kwamba ndiyo mara ya mwisho, nami nilisoma, juu ya bega lake. Tulisoma kitabu chote hivyo, mimi na yeye, hatusemezani. Ziwa liliungua. Soko likaungua. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha sahani mkononi. Kilipokwisha akaniambia nisilale pale.

Kwa hiyo ninachokutumia ni kile nilichosoma begani kwake jioni ile. Kurasa nyingine moshi uliniingia machoni, sikuziona vizuri. Hapo naweka mbuzi.

Kwenye arobaini ya mama uliniambia mbele za watu nirudishe mali ya baba. Habari hii nilikuwa nayo kwenye ulimi, dada. Lakini mama alikuwa ameshakwenda, na kama ningesema ungemchukia baba, halafu ungebaki na nani? Nikaona ni rahisi zaidi unichukie mimi, ambaye tayari nilikuwa mbali.

Pole ya bega. Likande kwa maji ya moto na chumvi.

Marselina


Kilosa,
6 Julai 2025

Mdogo wangu Marselina,

Nimeanza barua hii nikaiacha, nikaanza tena. Habari za nyumbani: tumevuna kidogo kilichobaki. Mwanvua ameshona mashuka mawili kwa vitambaa vyake, hakutaka malipo. Bega limepona.

Niliposoma barua yako niliingia chumbani kwa baba. Nilitaka kumuuliza. Nilitaka akatae au akubali, chochote. Alikuwa amekaa kitandani anajaribu kufunga kifungo, kimoja hicho hicho, na aliponiona akatabasamu akasema, "Karibu dada, kuna uji?" Nikatoka, nikaenda kukoroga uji. Ninamkasirikia mtu ambaye hayupo tena, na aliyepo ananiomba uji. Sijui watu wengine wanafanyaje.

Miaka kumi na minane aliniambia ulikwenda nacho. Alisema bila kupepesa jicho, na mama amekaa pale pale anachambua mchele. Mimi nikaamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Sikukuuliza hata mara moja.

Umeniuliza swali mara mbili na mimi nimelikwepa mara mbili. Ulinifichia, nami nilikufichia. Nilipotaka kumsomea barua ya kwanza nilimwambia, "Baba, haya ameandika Marselina." Akasema, "Mtu huyo asiingie humu ndani." Alisema vizuri kabisa, kwa ile sauti yake ya stesheni. Kwa hiyo jioni ya pili nilimwambia imetoka kwa mwalimu mmoja wa Mikumi. Tangu hapo anakuita hivyo. Mwalimu wa Mikumi ameandika? Mwalimu wa Mikumi ana mwandiko gani? Yale maneno yake ya soko nilikuandikia nusu tu. Alisema, "Mwache mwalimu. Anaona."

Anakuulizia kila siku. Siwezi kukuomba tena uandike. Nakuambia tu kwamba anauliza.

Tarehe 22 na 23 nitakuwa Morogoro, hospitali, kufuata dawa zake. Mwanvua atakuwa naye. Sikuambii hili kwa sababu yoyote.

Dada yako,
Bibiana


Mikumi,
3 Agosti 2025

Dada Bibiana,

Shikamoo. Najua Mwanvua amekuambia. Nilimwomba anyamaze lakini nilimwona usoni hawezi.

Nilifika Jumanne tarehe 22, saa sita mchana. Loveth nilimwacha Mikumi, kwenye biashara. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla sijabisha. Umepaka rangi jiko. Pale kigoda kilipokuwa pana ndoo.

Mwanvua aliniingiza akasema, "Mzee, mgeni wako." Baba alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Dada, amekuwa mdogo. Shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na shingo inacheza ndani yake kama mchi kwenye kinu kikubwa. Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha shikamoo yangu tangu Mikumi. Sijamwamkia baba miaka kumi na minane, na nilisema nitaanza na hiyo, akikataa kuitikia nitajua la kufanya.

Akaniwahi. Alishika mikono ya kiti akajaribu kusimama, akasema, "Mwalimu wa Mikumi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mwanvua aliangalia pembeni. Nilisubiri, nikidhani atajirekebisha. Alikuwa anangoja jibu, kichwa ameinamisha, kama mtoto wa darasa la pili. Nikamwitikia. Nilimwambia baba yangu marahaba.

Akaniambia kaa. Akaniambia nimsomee. Sikuwa na karatasi, dada, sikuwa nimeandika ukurasa wowote tangu Aprili. Kwa hiyo niliangalia dirishani nikaanza. Nikasema kulikuwa na reli mbili zilizolala kwenye majani, zimeshika kutu huku na kung'aa huku, kwa sababu treni za siku hizi hazipiti mara nyingi. Nikasema mwanamke alikuwa anavuka na ndoo ya dagaa kichwani, na jua lilikuwa limeingia ndani ya ndoo likatawanyika juu ya uso wake, vipande vipande, kama amevaa shanga za fedha. Nikasema milima ya nyuma ilikuwa na rangi ya moshi wa chai, na mmoja ulikuwa umekunjwa katikati kama blanketi lililoachwa na mtu aliyeamka haraka. Sikuwa natunga. Ni yaliyokuwepo.

Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye blanketi akacheka kidogo, akafunika mdomo. Akaniuliza, "Ukurasa wa ngapi huo?"

Nikasema, "Wa mwishoni."

"Huko sikumbuki kufika," akasema. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, nani alikufundisha kuona?"

"Baba yangu."

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Msalimie," akasema.

Nikasema nitamsalimia. Akalala pale pale kwenye kiti. Nilikaa mpaka basi la saa tisa. Nilimfunika miguu na ile kanga ya mama ya kahawia, nadhani uliikuta.

Sikumwambia. Nilikuwa na mchana mzima wa kumwambia. Lakini huyo aliyenikaribisha na kunipa kiti alikuwa anamkaribisha mwalimu, na kama ningesema mimi ni nani labda angekumbuka. Niliogopa angekumbuka.

Soma hii peke yako. Usimsomee.

Marselina


Mikumi,
19 Oktoba 2025

Dada Bibiana,

Shikamoo. Leo ni wiki ya tatu tangu tumzike baba. Tumeanza kuongea kwenye simu na hatujagombana bado, lakini jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Kanisani uliniwekea karatasi mkononi ukasema, soma wewe wasifu wa marehemu, una sauti yake. Nilisoma. Alizaliwa Tabora, akaletwa Kilosa mtoto na babu aliyekuja na kazi ya reli. Alianza kazi mwaka gani, alistaafu mwaka gani, alimwoa nani. Halafu palikuwa na mstari uliouandika wewe, kwamba marehemu aliwapenda watoto wake wote sawa. Niliuruka. Watu hawakujua, ila wewe ulijua, nilikuona umeinua kichwa. Hujaniuliza, na nakushukuru.

Sikuuruka kwa hasira. Nilikuwa na mtu anayesoma ukurasa kabla ya kuuweka motoni, na nilikuwa na mtu anayeinuka kwenye kiti kuniamkia. Wote wawili walikuwa ndani ya jeneza lile. Nilitafuta namna ya kuwasoma kwa mstari mmoja, na padri alikuwa ananingoja, nikaenda kwenye mstari unaofuata.

Najua pia ulichoniambia jikoni, kwamba wiki zile za mwisho alikuwa hasemi tena, hata kuulizia barua aliacha, na ulikuwa unamsomea hivyo hivyo. Nilisikia. Nilikuwa nakata vitunguu na sikujibu. Asante, dada.

Loveth alimwona babu yake mara moja, wakati wa kuaga, kupitia kioo cha jeneza. Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani mpaka tumepita Masanze. Kisha akaniuliza, "Mama, babu alikuwaje?" Nikaanza kumsimulia. Vidole virefu, na cha shahada kina doa la wino lisilotoka hata kwa limao. Harufu ya mafuta ya taa kwenye koti la kazi. Jinsi alivyokuwa akitembea juu ya reli moja kurudi nyumbani, mikono ameitanua, na mimi nyuma yake juu ya reli hiyo hiyo, na wewe chini unatuambia tutaanguka. Nilimsimulia yote niliyokuwa nayo, mpaka nikafika mwaka ule wa kitabu, nikaishia hapo.

Akasubiri. Halafu akauliza, "Na baada ya hapo?"

Nikamwambia baada ya hapo nina mchana mmoja.

Mdogo wako,
Marselina